Bwana Yangu Yuko Muzima

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeambiwa mimi ni mjane. Asubuhi nilimwachia Florent uji mezani, akanung'unika kwamba sukari haitoshi, na kufika saa nne nikajulishwa kwamba amekufa tangu mwaka wa volkano.

Aliyenijulisha ni Sista Daniella wa dispansari, aliyekuja hapa ateliye, chumba changu cha kushonea, kujaribu kanzu yake. Sista alisomea uuguzi Ujerumani miaka mitatu. Nilikuwa nimepiga magoti naweka pini kwenye pindo, naye anasoma kalenda iliyo ukutani. Mara akanishika bega. "Pole sana, mama Perpétue. Siku zote niko nakuja hapa, sikujua."

Kalenda hii ina historia. Parokia moja ya Ujerumani ina urafiki na parokia yetu, na kila mwaka wanachapisha kalenda yenye picha za wamama wa kikundi chetu cha kushona. Wamama kumi na wawili, miezi kumi na miwili. Mimi ni Septemba. Nimengoja zamu yangu tangu kalenda ilipofika, na tarehe mosi niliufunua ukurasa mwenyewe huku Joyeuse, mwanafunzi wangu, akipiga makofi. Nikaufunika na nailoni usishike vumbi. Chini ya picha kuna mistari sita ya Kijerumani. Papa Lionel, katekista anayetafsiri barua zote za Wajerumani, alituambia tangu zamani kwamba hayo ni maneno ya kumsifu Mungu.

Sista alinisomea polepole. Perpétue ni mjane. Mume wake alikufa katika moto wa volkano mwaka wa 2021, akamwachia watoto wanne na mikono mitupu. Parokia ikampa mashini ya kushona. Leo anatabasamu tena.

Nikamwambia: "Sista, unaona ule mutu pale inje, anakunywa chai? Njo yeye marehemu."

Jumanne, 9 Septemba

Nimemweleza Florent. Alicheka mpaka chai ikampalia. "Basi nitapumzika. Mufu habamutumaka maji."

Mimi sikucheka. Volkano ilipolipuka tulikuwa tunakaa upande wa Munigi, pembeni mwa Goma. Watu walibeba magodoro, sufuria, mbuzi. Florent ni mtoto wa wafugaji wa Masisi, na kitu pekee alichobaki nacho cha baba yake kilikuwa vibuyu vitatu vya maziwa, vyeusi kwa moshi, vya kale kuliko yeye. Aliviacha ndani ya nyumba. Akafunga mashini yangu mgongoni kwa kitenge, kama anavyobebwa mtoto, akaenda nayo kwa miguu hadi Sake. Moto ulikula nyumba na vibuyu. Mashini ninayoshonea leo ni ileile. Parokia ilinipa boksi moja la uzi mwaka uliofuata, nami nikaandika barua ya asante, Papa Lionel akaitafsiri.

Kumbe asante yangu iliua mtu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefika kwa Papa Lionel, mtaa wa Mapendo. Ana miaka sabini na zaidi, na anavaa tai hata akiwa peke yake nyumbani. Alinipa kiti kizuri. Sikukikalia.

"Papa, juu ya nini uliua bwana yangu?"

"Sikumuua, mwanangu. Niliandika tu."

"Basi uandike tena. Uandike ni muzima."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Perpétue, mwezi wa kumi na mbili bale bazungu banatuma mashini sita kwa kikundi. Zinatoka ku mufuko ya wajane. Ukisema bwana yako anapumua, hazitakuja. Wamama wenzako utabaambia nini?"

"Nitasema na bazungu mwenyewe."

"Na kinywa gani?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuuliza kama una mwavuli. Hilo ndilo lililonichoma. Nimerudi kwetu Mabanga kwa miguu, nimekataa pikipiki tatu, ili hasira isipoe njiani.

Jumamosi, 13 Septemba

Kinywa nimekipata. Fiston, mwenye kibanda cha kulodisha nyimbo kwenye simu za watu, amenitafutia masomo ya Kijerumani. Masomo sitini ya sauti, kutoka Kifaransa, yote ndani ya kadi ndogo kama ukucha. Aliniuliza naenda Ulaya lini. Nikamwambia siendi popote, ni Ulaya ndiyo itanisikia. Kifaransa changu ni cha miaka minne ya sekondari. Kimeshika kutu lakini hakijavunjika.

Jumatatu, 15 Septemba

Somo la 1. Kuna mwanamume na mwanamke. Mwanamume anatafuta hoteli.

Jumanne, 16 Septemba

Bado anatafuta hoteli.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimejua namna ya kufanya. Sikio la kushoto lina ekuta, kile kisikilizio cha simu, la kulia liko kwa wateja. Sauti inasema, kisha inanyamaza ili nirudie. Kimya hicho ni kama mikanyago kumi ya mashini. Nikikanyaga polepole nina nafasi ya kusema mara mbili. Joyeuse anakufa kwa kicheko. Leo nilipitiliza mshono wa mkono wa blauzi nikishona na kusema kwamba ningependa chumba chenye dirisha. Nimefumua yote. Blauzi ilikuwa ya mke wa mwanasheria.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Bati linapiga kelele, sikusikia kitu. Nimerudia la jana.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua. Nimerudia la juzi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Umeme haupo siku ya nne. Simu nachajia kwa jirani mwenye sola. Amejua ninachosikiliza, akaniuliza kama nimechoka na Kiswahili. Nimemjibu kwa Kijerumani kwamba ningependa kahawa bila maziwa. Amenyamaza. Nimeona faida ya kwanza ya lugha.

Jumapili, 12 Oktoba

Habari imetembea. Baada ya misa Mama Clotilde, prezidenti wa kikundi chetu, alinisimamisha mbele ya wenzangu wote. Clotilde ni mwanamke mrefu, mjane wa kweli, na akiongea watu hushusha mikoba chini wasikilize.

"Nimesikia unajifunza luga ya bale juu ya kutuharibia."

"Najifunza juu ya kusema bwana yangu ni muzima."

"Na nani hajue ni muzima? Tunamuonaka kila siku. Ule bwana amepunguka nini? Damu? Nyama?" Wenzetu wakacheka. "Tuko wamama kumi na ine, mashini tuko nazo tatu. Kaa chini, Perpétue. Karatasi haiuwake mutu."

Nimelibeba neno lake siku nzima. Ni kweli wanashona kwa zamu. Ni kweli Mama Nyiransabimana anaamka alfajiri ili apate mashini kabla ya wengine. Lakini mbona mimi ndiye wa kulipa kwa kichwa cha mume wangu? Wangeandika kwamba mimi ni kilema, au mjinga, labda ningenyamaza. Sijui. Labda nisingenyamaza pia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Somo la 22. Wamepata hoteli. Sasa wanatafuta ufunguo.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani benchi letu lilijaa nilipofika, nilipokaribia tu. Nimekaa na wazee wa kiume.

Jumanne, 28 Oktoba

Sista Daniella alikuja kuchukua kanzu. Nilimsalimia, nikamuuliza hali, nikamwambia hali yangu, yote bila kujikwaa. Aliziba mdomo kwa mkono. Nikamwomba neno moja ambalo mwanamume wa hoteli hajalisema mpaka sasa. Amenipa. Mein Mann lebt. Maneno matatu tu, bwana yangu yuko hai. Nimeyakanyaga kwenye mashini mpaka saa kumi.

Jumapili, 2 Novemba

Misa ya marehemu wote.

Florent ana malaria tangu Alhamisi. Nilirudi kutoka kanisani nikamkuta Sista ameketi kando ya kitanda, amemletea dawa, na simu yake iko mkononi mwa Florent. Ile parokia ya Ujerumani inatuma picha kwenye kundi la WhatsApp, Sista ni mmoja wao. Leo wametuma picha ya altare yao. Mishumaa mingi, na mbele ya kila mshumaa karatasi yenye jina. Moja imeandikwa Florent, Goma. Sista alitaka kuificha, lakini Florent alikuwa ameshaona jina lake.

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Jasho lilikuwa linamtoka, na sikujua kama ni homa. Huyu ni mtu aliyecheka mwezi wa tisa mpaka chai ikampalia.

"Bananiwashia miaka ngapi?" aliuliza.

Sista alisema labda minne.

"Ine." Akanikabidhi simu mimi, si Sista. "Perpétue, zima ule mushumaa."

Basi. Mama Clotilde alisema karatasi haiui mtu. Aje amwangalie huyu.

Jumatatu, 3 Novemba

Masomo matatu kwa siku moja. Nimekataa kazi mbili.

Ijumaa, 7 Novemba

Florent amekula. Amelalamika juu ya chumvi. Nimefurahi.

Jumapili, 9 Novemba

Papa Lionel amekuja nyumbani mwenyewe, na mvua, na ile tai. Alimsalimia Florent kwa mikono miwili. Kisha akaniomba nimsikilize bila kumkatiza, jambo ambalo si rahisi kwangu, lakini nilijaribu.

Alisema ameandika barua miaka ishirini. Barua za mwanzo zilikuwa za kweli kabisa: kuna wamama wanashona vizuri, wanahitaji mashini, wana mabwana, wana watoto shuleni. Hakuna aliyejibu. Miaka sita, barua arobaini, hakuna hata moja. Kisha akaandika juu ya mjane mmoja wa kweli, na jibu likafika baada ya siku nane. "Nikaona mulango yao iko moja tu, mwanangu. Nikapitisha watu wote pale."

"Na wewe ulipata nini?"

"Uulize Sista. Niko na nyumba ya mbao, na miwani hii nilipewa na padri."

Nimemwamini. Ndiyo shida. Nilikuwa nimemchora kichwani kama mwizi, na mwizi ni rahisi kumchukia. Huyu ni mzee aliyechoka kupiga hodi. Lakini bado aliyeingizwa kwa mlango ule akiwa maiti ni Florent, si yeye.

Alipoondoka nilimwambia: "Papa, aksanti kwa kuja. Nitasema tu."

"Najua," alisema. Akafungua mwavuli.

Jumatano, 19 Novemba

Limetangazwa. Mwaka huu Wajerumani hawaji, uwanja wa ndege wa Goma bado umefungwa kwa vita na wanaogopa barabara. Wataongea nasi kwa video tarehe 30, Jumapili ya kwanza ya Majilio, katika ukumbi wa parokia. Kila mama wa kalenda atasema asante kwa sentensi moja, Papa Lionel atatafsiri, kisha watatangaza mashini.

Sentensi moja. Mimi nina mbili.

Jumanne, 25 Novemba

Mama Clotilde amepita ateliye. Hakukaa. Alisema kwa sauti ya chini, ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mamu, nakuomba. Siku ingine. Mashini zifike kwanza, kiisha utasema."

Nilikaribia kukubali. Naandika hivi kwa sababu shajara ni yangu na sitajisifu ndani yake. Lakini mashini zikifika kwa jina la maiti, nitasemaje baadaye? Zitakuwa zimeshafungwa kwenye kaburi lake. Nilimjibu hapana. Aliondoka bila kuaga.

Jumapili, 30 Novemba

Naandika usiku huuhuu, kabla sijasahau neno.

Ukumbi ulijaa. Shuka jeupe ukutani, mashini ya kuonyesha picha, jenereta nje. Wajerumani walikuwa kama thelathini, wamekaa wamevaa makoti ndani ya nyumba. Mbele yao bibi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, anaitwa Hannelore, mkubwa wa urafiki huu. Na bila shaka mvua ikaanza. Kwenye bati la ukumbi ule mvua si mvua, ni magunia ya maharagwe yanamwagwa. Wamama walianza, Januari, Februari, kila mmoja anapiga kelele asante, Papa Lionel anapiga kelele kwa Kijerumani. Clotilde ni Machi. Alisema asante kama anayetoa amri.

Walipofika Septemba nilisimama. Papa Lionel alininyooshea mikrofoni. Alinitazama machoni, na nilidhani atairudisha. Hakuirudisha.

Nikasema jina langu. Nikasema: Mein Mann lebt.

Mvua. Bibi Hannelore aliweka mkono nyuma ya sikio. Nikasema tena, nikiwa nimevuta pumzi ya kuita mtu ng'ambo ya soko. Mein Mann lebt. Nikamshika Florent mkono, aliyekuwa mstari wa nyuma yangu amevaa koti lake la harusi, nikamvuta mbele ya kamera. Nilikuwa nimetayarisha sentensi ndefu juu ya Sake na kitenge na moto, Sista alinisaidia, niliijua jana yote. Ilikimbia. Kilichobaki kichwani ni hoteli tu. Basi nikasema kwa Kijerumani cha hoteli: huyu ni mume wangu, anakaa bado, anakaa na mimi, ndiyo, chumba kimoja. Na mashini ni yake, ameileta yeye, asante, hapana.

Kule Ujerumani walinong'onezana. Kisha bibi Hannelore akainuka kitini. Akasema kitu kirefu, haraka, sikushika hata neno. Nikamwambia: polepole, tafadhali. Hilo ninalo tangu somo la tatu.

Nyuma yangu watu wakaanza kuulizana. Ndipo nikasikia sauti ya Clotilde: "Papa Lionel, amesema nini?"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema, amewasalimu na kuwaombea baraka, na nusu ya ukumbi wangeamini. Mzee alinyoosha tai yake. "Amesema bwana yake yuko muzima," alisema kwa Kiswahili, wazi. "Amesema mashini ni ya bwana yake. Ni kweli. Mimi njo niliandika uongo." Kisha akageukia shuka akayasema tena yote kwa Kijerumani, na sauti yake haikupasuka.

Florent alivua kofia. Aliwaangalia watu wale wenye makoti, akawaambia kwa Kiswahili: "Aksanti kwa mishumaa. Musiwashe tena." Kisha jenereta ikazimika, na Wajerumani wote wakaenda nayo.

Tulikaa gizani na ile mvua. Hakuna aliyepiga makofi. Nilimsikia Mama Nyiransabimana analia, na si kwa furaha. Mashini hazikutangazwa.

Jumanne, 2 Desemba

Hakuna anayenisalimu. Joyeuse amesema mama yake anataka akajifunze kwa mtu mwingine. Amekuja hata hivyo.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna habari kutoka Ujerumani. Florent anatengeneza paa, anapiga mluzi. Mvua inavuja palepale.

Jumatatu, 8 Desemba

Bibi Hannelore ametuma sauti. Hakuituma kwa Papa Lionel, ameituma kwangu. Sista alimpa namba. Dakika nne. Anasema neno, anangoja, anasema lingine, kama mwanamke wa somo la 1. Nimesikiliza mara tisa. Maneno mawili nilimuuliza Sista, mengine yote ni yangu.

Jumanne, 9 Desemba

Nimewaita wamama wote ateliye. Nilidhani watakuja watatu. Walikuja kumi na watatu, wakasimama kwa sababu viti havitoshi. Clotilde alisimama mlangoni, nusu ndani.

"Sema mashini kwanza," alisema.

Na hapo nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha Papa Lionel. Wote wananitazama mdomo. Hakuna anayejua ndani ya simu kuna nini isipokuwa mimi. Ningeweza kulainisha. Ningeweza kusema labda, au karibu, au tuombe. Nilielewa, kwa mara ya kwanza, jinsi ilivyo rahisi.

Nikawaambia kama lilivyo. Mashini haziji. Mfuko ni wa wajane, wakubwa wao wamekasirika, wamefunga mpaka wakutane tena mwezi wa pili, na bibi Hannelore hajui watasema nini. Niliona nyuso zikianguka moja moja, na kila moja ilianguka juu yangu. Sikuomba msamaha. Nikaendelea, kwa sababu sauti ilikuwa bado haijaisha. Bibi anasema ana aibu. Anasema walichapisha watu bila kuwauliza. Anasema Florent asamehe, mshumaa wameuondoa. Na mwisho anauliza: Perpétue, hizo kurasa nyingine kumi na moja, zimeandikwa kweli?

Wote waliigeukia kalenda. Hawakujua zimeandikwa nini. Hata mimi sikujua isipokuwa yangu. Sista alikuwepo, pembeni. Nikamwomba. Akaichukua kalenda ukutani, akafunua, akaanza na Januari. Mirindi, mwanamke mwenye duka la vifungo, ameandikwa aliokotwa barabarani. Mirindi alisema "Mimi?" mara moja, akakaa chini sakafuni. Februari. Kisha Machi.

Clotilde, mjane. Hajui kusoma. Watoto wake walikuwa wanaombaomba sokoni mpaka parokia ilipowaokoa.

Watoto wa Clotilde ni wawili, mmoja mwalimu, mmoja anamalizia sheria. Aliwasomesha kwa kushona yunifomu za shule nne, na yeye mwenyewe ndiye anayeandika daftari la kikundi. Aliingia ndani kabisa, watu wakampisha, akaja mpaka mbele ya mashini yangu. Nilidhani atanipiga. Nikachukua simu, nikamwambia: "Mama Clotilde, nitamujibu sasa hivi. Nitamuambia batoto bako—"

Aliweka kiganja juu ya simu.

"Apana. Si weye," alisema. "Nifundishe. Nitasema mwenyewe."

Joyeuse alimletea kiti. Nikampa ekuta ya kushoto, tukaanza na jina.